SURA YA SABA: UPINDE NA NISHATI YAKE

Utangulizi

Katika sura iliyopita tulijifunza kuwa nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Tuliona pia kuwa nishati haipotei, bali hubadilika kutoka umbo moja hadi jingine. Katika sura hii tutachunguza chombo cha kale kinachotuonyesha jambo hilo waziwazi. Chombo hicho ni upinde.

Huko Rujewa, katika Bonde la Usangu, watu wengi hulima mpunga. Mpunga unapoanza kukomaa, makundi makubwa ya ndege waitwao kwelea kwelea hushuka mashambani. Watu huamka alfajiri kwenda kuwinga ndege. Wengine hupiga madebe, wengine hutumia kombeo au manati. Mtoto anayetumia manati hujua jambo moja hata kabla ya kufundishwa shuleni. Akivuta mpira kidogo, jiwe huanguka karibu. Akivuta sana, jiwe huenda mbali.

Je, jiwe limeipata wapi nishati yake? Limeipata katika mpira uliovutwa. Mpira nao umeipata katika mkono wa mtoto. Upinde hufanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Sehemu za upinde na mshale

Upinde wa kawaida una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni fimbo inayopindika. Ya pili ni upote, yaani uzi imara uliofungwa katika ncha mbili za fimbo hiyo.

Mshale una sehemu nne. Uti wake huitwa wano. Mbele kuna chembe, yaani kichwa chenye ncha. Nyuma kuna manyoya, ambayo huuzuia mshale usiyumbe unapokwenda. Katika kisigino cha mshale kuna mkato mdogo ambamo upote hukaa.

Wahadzabe, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, ni mafundi hodari wa pinde. Upote wao huutengeneza kwa kano za wanyama. Baadhi ya pinde zao ni ngumu sana. Kuuvuta upinde wa namna hiyo huhitaji nguvu kama ya kuinua mzigo wa kilo 30.

Nishati hukaa wapi?

Chukua rula ya plastiki, ipinde kidogo, kisha iachie. Inarudi katika umbo lake la mwanzo. Tabia hii ya kitu kurudi katika umbo lake huitwa unyumbufu. Fimbo ya upinde ina unyumbufu pia. Unapouvuta upote, unafanya kazi ya kuipinda fimbo. Kazi hiyo huhifadhiwa katika fimbo kama nishati tuli. Unapouachia upote, fimbo hunyooka kwa haraka na kuusukuma mshale. Hapo nishati tuli hubadilika kuwa nishati mwendo.

Jaribio la 1: Kuvuta na umbali

Jaribio hili lifanyike uwanjani, mwalimu akiwapo.

*Vifaa:* ufito wa mwanzi wenye urefu wa mita 1, kamba nyembamba ya katani, mtete mnyoofu wenye urefu wa sentimita 60, kitambaa kikuukuu, rula na utepe wa kupimia.

*Njia:*

1. Pinda ufito kidogo na ufunge kamba katika ncha zake mbili.
2. Funga kitambaa kwenye ncha ya mtete kiwe kama donge la ukubwa wa limau. Usitumie chembe.
3. Kata mkato mdogo katika kisigino cha mtete.
4. Wanafunzi wote wasimame nyuma ya mrushaji.
5. Vuta kamba sentimita 10, kisha iachie. Pima umbali uliofikiwa na mtete. Rudia mara tatu.
6. Fanya hivyo tena kwa kuvuta sentimita 20, halafu sentimita 30. Uelekeze upinde vilevile kila mara.
7. Andika matokeo yako katika jedwali.

Je, uliona nini? Uliporudufu mvuto, huenda umbali uliongezeka zaidi ya mara mbili. Sababu ni hii. Unapovuta zaidi, mkono unasafiri mwendo mrefu zaidi, tena unatumia nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo kazi uliyoifanya imeongezeka kwa njia mbili kwa pamoja.

Upinde wa roda

Upinde wa kawaida una taabu moja. Kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Uzito huwa mkubwa kabisa wakati uleule mwindaji anapohitaji kutulia ili alenge shabaha. Mikono hutetemeka na mshale hukosea.

Mmarekani mmoja aitwaye Holless Wilbur Allen, wa jimbo la Missouri, alilitafakari jambo hilo. Alifunga roda katika ncha za upinde. Mwaka 1966 aliomba hati ya uvumbuzi wake, naye akaipata mwaka 1969. Tangu hapo upinde wa roda umeenea katika nchi nyingi. Hutumiwa katika mashindano ya kulenga shabaha na, pale sheria inaporuhusu, katika uwindaji.

Ili kuielewa kazi ya roda hizo, fanya jaribio lifuatalo.

Jaribio la 2: Mlango na bawaba

Sukuma mlango wa darasa kwa kidole kimoja, kwanza karibu na bawaba, kisha mbali na bawaba. Ni wapi mlango unasogea kwa urahisi? Bila shaka ni mbali na bawaba. Nguvu ndogo iliyo mbali na egemeo inaweza kuishinda nguvu kubwa iliyo karibu na egemeo. Hii ndiyo kanuni ya wenzo.

Sasa kata duara kutoka katika kandambili iliyochakaa, kama wafanyavyo watoto wanaotengeneza magari ya kuchezea. Toboa tundu, si katikati bali karibu na ukingo, kisha pitisha msumari. Zungusha duara. Utaona kuwa ukingo mara unakuwa karibu na msumari, mara unakuwa mbali. Roda ya upinde wa Allen ilikuwa na tundu lisilo katikati namna hiyo.

Mrushaji anapouvuta upote, roda huzunguka. Mvuto unapokamilika, upote huwa mbali na egemeo, na waya unaozuia mikono ya upinde huwa karibu na egemeo. Kwa hiyo nguvu ndogo ya mkono hutosha kuushikilia upinde uliopindwa sana. Kwa mfano, upinde unaohitaji nguvu ya kilo 25 katikati ya mvuto unaweza kuhitaji kilo 5 tu mwishoni. Nguvu ya kushikilia imepungua kwa asilimia 80.

Je, roda imeumba nishati mpya? La. Nishati yote ya mshale imetoka katika mkono wa mrushaji alipokuwa anavuta. Roda imebadili tu jinsi nguvu inavyogawanyika katika mvuto.

Kuutayarisha upinde

Upinde humfaa mtu aliyepimiwa. Mambo manne hufanywa kabla ya kurusha.

*Kwanza, kupima mvuto.* Mrushaji hunyosha mikono yote miwili pembeni. Mwenzake hupima kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ncha ya kidole cha kati cha mkono wa pili. Kipimo hicho hugawanywa kwa 2.5. Mtu mwenye sentimita 150 atapata mvuto wa karibu sentimita 60.

*Pili, kuchagua uzito.* Parafujo za upinde hukazwa ili uwe mzito, au hulegezwa kidogo ili uwe mwepesi. Anayejifunza huanza na uzito mdogo. Akilazimika kuuinua upinde juu ili aweze kuuvuta, basi ni mzito mno kwake.

*Tatu, kuchagua mshale.* Mshale mfupi kuliko mvuto ni hatari, kwa kuwa unaweza kurudi nyuma ya kitako chake na kuujeruhi mkono. Mshale pia usiwe na ufa wala usiwe umepinda.

*Nne, kuuweka mshale.* Mshale na upote hufanya karibu pembe mraba. Mahali pa kisigino hutiwa alama kwenye upote, ili mshale ukae palepale kila mara.

Kufanya mazoezi

Mazoezi huanza karibu, hatua kama tano kutoka kwenye shabaha. Gunia lililoshindiliwa vizuri linaweza kuwa shabaha. Nyuma yake pawe na kichuguu kikubwa au tuta la udongo, wala pasiwe na njia ya watu au mifugo.

Mrushaji husimama ubavu, miguu ikiwa imeachana kidogo. Huvuta upote mpaka mkono uguse mahali palepale kwenye taya. Hutulia, hulenga, kisha huachia polepole bila kushtuka.

Tuseme mishale yake sita imetawanyika, mmoja juu, mwingine chini, mwingine kando. Asiguse chochote katika upinde. Kosa liko katika mwili wake, kwa kuwa hafanyi kitendo kilekile kila mara. Lakini mishale yote sita ikikusanyika mahali pamoja, chini ya shabaha, basi kosa liko katika kilengeo. Hapo hukishusha kilengeo kidogo na kurusha tena. Kilengeo hufuata kosa. Mishale ikienda chini, kilengeo hushushwa. Ikienda kulia, hupelekwa kulia.

Hivi ndivyo wanasayansi wanavyofanya kazi. Hurudia kipimo mara nyingi kabla ya kutoa uamuzi, na hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Hadhari

Upinde uliovutwa umebeba nishati, na nishati hiyo lazima iende mahali fulani. Ukiachia upote bila mshale, nishati huirudia mikono ya upinde na upote wenyewe. Mikono inaweza kupasuka na upote kukatika, na vipande vyake vinaweza kumpofua mtu. Kwa hiyo *usiachie kamwe upote bila mshale*. Ukibadili nia, rudisha upote polepole kwa mkono.

Usimwelekezee mtu upinde, hata kwa mzaha. Usirushe mshale juu angani, kwa maana hujui utakapoanguka. Kabla ya kurusha, tazama upote kama umechakaa, na tazama mikono ya upinde kama ina ufa.

Kumbuka pia kuwa wanyamapori ni mali ya taifa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali. Sehemu kubwa ya Usangu, kaskazini mwa Rujewa, iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na katika hifadhi ya taifa uwindaji hauruhusiwi. Hata mwindaji mwenye kibali hana haki ya kurusha mshale kwa kubahatisha. Mnyama aliyechomwa vibaya hukimbia na jeraha, akafa polepole porini bila faida kwa yeyote. Ndiyo maana mtu hujifunza kwanza kwenye gunia, siku nyingi, mpaka awe na hakika na mkono wake.

Muhtasari

1. Upinde huhifadhi kazi ya mkono kama nishati tuli.
2. Upote ukiachiwa, nishati tuli hubadilika kuwa nishati mwendo ya mshale.
3. Roda hupunguza nguvu ya kushikilia, lakini haiumbi nishati.
4. Upinde usio na mshale hauachiwi.

Maswali

1. Taja sehemu nne za mshale na kazi ya kila moja.
2. Manati na upinde vinafanana kwa jambo gani?
3. Mtu ana urefu wa mikono wa sentimita 160. Mvuto wake ni sentimita ngapi?
4. Upinde wa roda unahitaji kilo 20 katikati ya mvuto. Nguvu ikipungua kwa asilimia 75, mrushaji atashikilia kilo ngapi?
5. Mishale ya mwanafunzi imekusanyika kushoto kwa shabaha. Afanye nini? Na kama imetawanyika?
6. Eleza kwa nini ni hatari kuachia upote bila mshale.
7. Waulize wazee wa mtaa au kijiji chenu jinsi pinde zilivyotengenezwa zamani na miti iliyotumiwa. Andika habari hizo katika daftari lako.