Kutoka LPN hadi RN: Kamilisha Haya Kabla ya Kulipa Ada

Una leseni ya LPN hapa Marekani (au LVN, kama uko Texas au California), na sasa unataka RN. Hongera, unaiweza. Wengi hawakwamishwi na ugumu wa masomo. Wanakwamishwa na karatasi iliyokosekana au somo lililosahaulika, muhula ukaanza bila wao. Yasikukute. Fuata utaratibu huu.

Chagua njia. Programu za kumpandisha LPN huitwa bridge. Ya ADN hupatikana sana kwenye community college na kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi miwili ukishamaliza masomo ya awali. Ya BSN ni ndefu na ghali zaidi. Zote zinakufikisha kwenye mtihani uleule, NCLEX-RN. Kama mfuko unabana, anza na ADN, pata leseni, kisha malizia BSN ukiwa kazini. Ukiwa New York, kumbuka kuwa sheria ya 2017 inawataka ma-RN wapya wawe na BSN ndani ya miaka 10 tangu wapate leseni.

Kichunguze chuo. Ingia tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako, utafute chuo hicho kwenye orodha ya programu zilizoidhinishwa. Hakimo? Achana nacho. Angalia na ithibati ya ACEN au CCNE, maana bila hiyo unaweza kukataliwa ukienda kusoma BSN. Tazama pia asilimia ya wahitimu wake wanaofaulu NCLEX mara ya kwanza.

Kimbia njia za mkato. Mtu akikuahidi cheti bila darasa wala wodi, usimpe hata senti. Januari 2023 serikali ilitangaza mashtaka kuhusu vyeti feki vya uuguzi zaidi ya 7,600 vilivyotoka Florida. Baadhi ya waliovinunua walipoteza leseni.

Ukitaka kusoma mtandaoni, uliza maswali matatu. Je, jimbo langu linaikubali programu hii? Mafunzo ya vitendo nitafanyia hospitali gani? Nafasi hiyo anaitafuta nani, chuo au mimi? Jibu la tatu lipate kwa maandishi.

Maliza masomo ya awali. Mara nyingi ni anatomia na fiziolojia sehemu zote mbili, maikrobayolojia, uandishi wa Kiingereza, saikolojia na ukuaji wa binadamu. BSN huongeza takwimu. Vyuo vingi vinataka angalau C, lakini penye ushindani mkubwa lenga A na B. Na ujue masomo ya sayansi huisha muda: vyuo vingi havipokei yaliyopita miaka 5 au 7.

Ulisoma nyumbani? Agiza transkripti sasa. Cheti cha Nairobi, Dodoma au Bukavu lazima kitathminiwe na shirika ambalo chuo chako kinalitambua. WES ni mojawapo. Uliza kwanza wanakubali lipi, ndipo ulipe.

Fanyia mazoezi mtihani wa kuingilia. Vyuo vingi hutumia TEAS, vingine HESI A2. TEAS ina maswali 170 kwa dakika 209. Sehemu ya Kiingereza ina maswali 37 kwa dakika 37, yaani dakika moja tu kwa kila swali. Kwa hiyo jizoeze huku saa ikihesabu, tena kila siku kidogo kidogo.

Fungua faili la afya na usalama. Weka humo leseni yako iliyo hai na isiyo na adhabu, kadi ya BLS, na rekodi za chanjo: homa ya ini B, surua na rubela, tetekuwanga, Tdap na mafua. Chanjo ya homa ya ini B ya dozi tatu huchukua miezi 6 hivi, basi usingoje barua ya chuo. Kama ulichanjwa BCG utotoni, kipimo cha TB cha ngozi kinaweza kuonyesha majibu yasiyo sahihi. Omba kile cha damu. Jiandae pia kwa alama za vidole na kipimo cha dawa za kulevya.

Tafuta pesa kabla ya mkopo. Muulize mwajiri kama anachangia ada, na usome mkataba: utamfanyia kazi muda gani baadaye? Raia na wenye green card wajaze FAFSA. Ukipata Pell Grant, kwa kawaida hairudishwi.

Anza kufikiri kama RN. NCLEX-RN ina maswali 85 hadi 150, na una saa 5. Swali la kawaida linakupa wagonjwa wanne. Wa kwanza ana maumivu baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti. Wa pili anauliza ataruhusiwa lini. Wa tatu ana kisukari, anatokwa jasho na sukari yake ni 48. Wa nne anasubiri kubadilishwa bandeji. Unaanza na nani? Wa tatu, bila kusita, kwa kuwa sukari ikizidi kushuka atapoteza fahamu. Jipime hivyo kila zamu: nani kwanza, kwa nini, na kazi ipi naweza kumkabidhi msaidizi.

Wiki hii fanya mambo matatu. Pigia vyuo viwili vilivyoidhinishwa, uombe orodha ya masharti ya LPN-RN. Agiza transkripti zako zote. Kisha kaa na msimamizi wako, umwambie mapema siku utakazohitaji kwa masomo, kabla ratiba ya zamu haijapangwa.