Kukagua Si Kutuhumu: Somo juu ya Kununua Lori Lililokwisha Kutumika

Walitujia vijana watatu wa darasa letu, nyuso zimewakunjamana, wakitaka hukumu ya sharia juu ya lori la trela walilolinunua. Mmoja wao alitoa akiba yake ya miaka mingi ya kazi ya bandarini. Wa pili aliuza kiwanja. Na wa tatu alipewa na mama yake dhahabu yake ya harusi akaiuze. Muuzaji ni mtu wanayemjua, husali naye safu moja. Siku waliyokwenda kulitazama walilikuta limepakwa rangi mpya, na injini imekwisha kuwashwa, inanguruma. Waliona haya kumleta fundi. Walisema, "Tukimkagua mwenzetu tutakuwa tumemtuhumu." Katika safari ya pili ya kwenda Malaba injini ikafa njiani.

Tukawauliza, "Je, katika safari ya kwanza hamkuona kitu?" Wakasema, "Tuliona, Sheikh. Ilikuwa inakunywa oili. Lakini tulisema tumalize kwanza kazi tuliyoahidi."

Ndugu zetu, khasara ya vijana hawa haikuanza barabarani. Ilianza pale walipodhani kuwa haya ya mbele ya muuzaji ni adabu. Twapenda kulibainisha jambo hili, kwani wengi katika miji yetu ya pwani huuziana magari kwa ujirani na udugu, kisha ujirani na udugu ukaharibika kwa sababu ya magari hayo hayo.

Mtume wetu, rehma na amani zimfikie, alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono wake ndani ya chungu, vidole vikatoka na unyevu. Akamkemea mwenye mali kwa kukificha kilichorowa chini ya kikavu. Watu huitaja hadithi hii kumlaumu mwenye kughushi, na ndivyo ipasavyo. Walakini tazameni pia kwamba Mtume hakutosheka na kuitazama nafaka kwa juu; aliutia mkono ndani. Basi mwenye kutia mkono katika injini amefuata mwendo mwema, wala hakumvunjia mtu heshima.

Na katika madhehebu yetu ya Shafii, mnunuzi akigundua aibu ya zamani iliyofichika, ana haki ya kukirudisha kitu. Lakini sharti aharakie. Akiendelea kukitumia baada ya kujua, haki yake imeanguka. Na muuzaji asemaye, "Nauza kama lilivyo, sina dhamana," neno hilo halimwokoi na aibu za lori. Wanavyuoni wetu walilikubali katika mnyama aliye hai tu, kwa aibu ya ndani ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Lori si mnyama. Mwenye kujua ubovu wake yampasa auseme.

Sasa tutaje namna ya kutia mkono ndani. Haya tumeyauliza kwa mafundi na madereva wa siku nyingi.

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiiwashe injini. Iguse kwa mkono. Ukiikuta ina moto, jua umetanguliwa. Ikiwashwa, tazama moshi. Moshi wa samawati ukiendelea, injini yachoma oili. Moshi mweupe usiokatika hata baada ya injini kupata moto huenda ikawa ni maji yanaingia katika silinda, au dizeli isiyoungua sawasawa. Moshi mweusi mzito ni dizeli kuizidi hewa. Kisha fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikizunguka: ikipuma mvuke kwa nguvu, pete za pistoni zimechakaa. Na oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia.

Baada ya injini, lala chini ya gari utazame chasisi. Tafuta nyufa na mahali palipochomelewa, na pale penye rangi mpya patazame mara mbili. Jaza mitungi ya upepo ya breki, zima injini, utazame saa yake. Sindano ikishuka upesi, upepo wavuja. Tazama bamba la kukalia trela na kufuli lake, kama halikulika. Hesabu mipira: kichwa cha ekseli 3 na trela la ekseli 3 huvaa mipira 22, na mnunuzi aliyesahau kuihesabu huja akastaajabu. Mwisho liendeshe likiwa na mzigo, si tupu. Kile kilima cha kutoka Mazeras kwenda Mariakani kitakueleza khabari za injini na giaboksi ambazo dalali hatakueleza.

Jambo la pili ni uzito. Kwa Sharia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari, ekseli ya usukani haipitishi tani 8, ekseli mbili za pamoja tani 18, na tatu za pamoja tani 24. Basi lori la namna tuliyoitaja mwisho wake ni tani 50 pamoja na mzigo wake. Tuseme moja likiwa tupu lina tani 18: litabeba 32. Jingine lina 15: litabeba 35. Tani 3 katika kila safari ndizo faida ya mtu mdogo. Kwa hivyo lipime tupu kabla ya kulilipia, usingoje mizani ya Mariakani ikufundishe.

Jambo la tatu ni hati. Namba ya chasisi na ya injini zisome kwenye chuma chenyewe, uzilinganishe na logbuku, kisha utake khabari za gari kwa mamlaka ya usafiri, NTSA. Jina la benki likiwamo, deni halijakwisha. Sharia ya barabara ya Kenya humhesabu mwenye gari kuwa ni yule aliyeandikishwa, mpaka ithibitike vingine. Wala haimruhusu mnunuzi kulitumia zaidi ya siku 14 bila ya kuandikishwa kwa jina lake. Na wenye kushirikiana waandike fungu la kila mmoja. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imeamrisha kuandikiana deni, na hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qurani. Basi aonaye haya kumwandikisha ndugu yake na afikiri juu ya urefu wa aya hiyo.

La nne, tafuta mzigo kabla ya lori. Reli mpya ilianza kubeba makontena mwaka 2018. Mwaka 2019 ikatoka amri iliyoyasukuma makontena mengi kwenye reli, malori mengi yakalala, na watu wa Mombasa wakaandamana. Mwaka 2022 amri hiyo ikaondolewa. Kazi ya bandari hupanda na kushuka. Tena dizeli na posho ya dereva hutakiwa leo, na mwenye mzigo huenda akalipa baada ya miezi. Asiyebakisha fedha ya safari kadhaa na ya kufungua injini mara moja, huyo bado hana mtaji, hata akiwa na lori.

Ama wale vijana, tuliwaambia kweli, nayo ilikuwa chungu: haki yao ya kulirudisha ilianguka siku walipoona oili yapungua wakaendelea na safari. Tulimwita muuzaji. Alikiri kwamba alijua, akainamisha kichwa, kisha akakubali kuchukua sehemu ya gharama ya matengenezo. Alifanya hivyo kwa ihsani, si kwa hukumu. Lori sasa latembea, lakini dhahabu ya mama haijarudi.

Basi ewe ndugu unayeuza, sema aibu ya gari lako kabla hujaulizwa. Nawe unayenunua, uliza, shika, pima, andika. Kisha umpe mwenzako mkono wa salamu. Udugu uliotangulizwa na ukweli hauvunjwi na injini.

Wabillahi tawfiq.