Ufahamu na Ufupisho: Kifungu cha Kisayansi

Watahiniwa wengi wakikuta kifungu cha sayansi kwenye mtihani wa Kiswahili huogopa istilahi, wakaacha hata maswali mepesi. Usiogope. Mtunzi hakupimi Baiolojia. Anapima kama umeelewa ulichosoma. Soma kifungu hiki mara mbili: kwanza bila kalamu, kisha ukipigia mstari hoja kuu.

Kifungu

Mfanyabiashara wa Mafiga anayefuata kabichi Mgeta anajua kwamba wakati wa masika barabara ya mlimani huharibika. Hicho ni kihatarishi: anakifahamu na anaweza kukipangia. Lakini hajui bei itakuwaje mzigo ukifika sokoni. Hayo ni mashaka. Kampuni za dawa nazo huishi na mambo hayo mawili, hasa zile zinazotengeneza tiba ya jeni.

Chukua kampuni ya bluebird bio ya Marekani. Ilitengeneza Skysona, tiba ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo wa watoto wa kiume. Madaktari huchukua seli za damu za mtoto mwenyewe, huziingizia jeni nzima kwa kutumia kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuleta ugonjwa, kisha huzirudisha mwilini. Tiba hiyo iliidhinishwa Marekani Septemba 2022, kwa bei ya dola milioni 3 kwa mgonjwa mmoja. Wazazi ambao watoto wao wangepoteza uwezo wa kuona, kusikia na kutembea walipata tumaini. Hata hivyo, ripoti ya mwaka 2024 ilionesha kwamba kati ya watoto 67 waliotibiwa katika majaribio, 7 walipata saratani ya damu, wengine baada ya miaka kadhaa. Jeni ikipachikwa mahali pasipofaa huweza kuamsha jeni jirani, seli zikaanza kugawanyika ovyo.

Soko nalo lilikuwa gumu. Ugonjwa wenyewe ni adimu, kwa hiyo wagonjwa ni wachache. Mwaka 2021 kampuni iliamua kuondoka Ulaya baada ya kutoelewana na Ujerumani kuhusu bei ya tiba yake nyingine. Desemba 2023 ilipata kibali cha Lyfgenia, tiba ya selimundu, kwa dola milioni 3.1, yaani zaidi ya shilingi bilioni 7. Haikuiokoa. Kampuni iliyokuwa na thamani ya takriban dola bilioni 9 mwaka 2018 iliuzwa mwaka 2025 kwa sehemu ndogo sana ya thamani hiyo. Dawa zilipata kibali, fedha zikakauka.

Habari hii si ya Wamarekani peke yao. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa na selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Ugonjwa huo huziba mishipa ya damu na huweza kumletea kiharusi hata mtoto mdogo. Kwetu hutumika dawa ya haidroksiyurea, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikizia uloto baadhi ya watoto. Kama tiba ya jeni itafika hapa, na kwa bei gani, ni mashaka yasiyo na jibu kwa sasa.

Tujadili

Kosa ninalokutana nalo sana wakati wa kusahihisha ni mwanafunzi kunakili sentensi nzima na kuziita jibu. Swali likisema “kwa maneno yako mwenyewe”, kunakili kunakugharimu alama hata kama hoja ni sahihi. Kosa la pili ni kujaza takwimu kwenye ufupisho. Tazama aya ya pili ikifupishwa kwa maneno yasiyozidi 40:

Skysona, tiba ya jeni inayotibu ugonjwa wa kurithi wa ubongo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa bei kubwa sana. Iliwapa wazazi tumaini, ila baadhi ya watoto waliotibiwa walipata saratani ya damu kwa sababu jeni iliyopachikwa huweza kuchochea seli kugawanyika ovyo.

Hayo ni maneno 39. Dola milioni 3 zimegeuka “bei kubwa sana”. Hatua za madaktari zimeachwa kwa kuwa ni maelezo, si hoja. Ningekuwa mkali zaidi ningefuta hata mwaka.

Neno “kihatarishi” huweza kuulizwa pia katika uundaji wa maneno. Limetokana na kitenzi hatarisha: kiambishi awali ki-, mzizi hatari, kiambishi cha kusababisha -sh-, na kiambishi tamati -i cha unominishaji. Linganisha na “kiburudisho”.

Sasa jibu mwenyewe:

1. Kwa kutumia mfano wako, si wa kabichi, tofautisha kihatarishi na mashaka.
2. Mwandishi anaposema “fedha zikakauka” ametumia tamathali gani ya semi? Eleza maana yake.
3. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 35.
4. Je, mzazi akubali tiba inayoweza kuokoa ubongo wa mtoto lakini ikamletea saratani? Toa hoja mbili kutoka kwenye kifungu.