TUPIME MWANGA WA MCHANA DARASANI

Somo langu linahusu kitu tunachokipata bure kila siku bila kukihesabu, nacho ni mwanga wa mchana. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa shule ya kutwa, wengi wetu tukifika nyumbani twasomea koroboi, na hata penye stima hukatika. Basi mwanga wa darasani ndio mali yetu. Je, unamfikia kila mwanafunzi?

Jicho halifai kuwa hakimu wa jambo hili. Ukikaa kwenye chumba chenye giza kwa muda, waona kama mwanga watosha, kumbe ni mboni ya jicho iliyojipanua. Ndiyo sababu wataalamu hutumia kipimo kiitwacho luksi. Luksi moja ni mwanga unaoiangukia karatasi iliyo mita moja kutoka kwa mshumaa mmoja. Jua la adhuhuri likiwaka hufikia luksi 100,000 hivi, na siku ya mawingu huwa karibu 10,000. Darasa lahitaji kama 300.

Lakini jua halitulii, sasa tutapimaje? Tunalinganisha mwanga wa ndani na wa nje, siku ambayo mbingu yote imefunikwa na mawingu. Kanuni ni hii:

Mwanga wa ndani ÷ mwanga wa nje × 100 = asilimia ya mwanga wa mchana

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Zima taa zote.
2. Mmoja asimame uwanjani, mbali na miti na majengo, na mwenzake awe darasani. Wasome vipimo kwa wakati mmoja, maana wingu halingoji mtu.
3. Kipimo cha ndani kilazwe juu ya dawati, kikitazama juu. Mpimaji asikitie kivuli.
4. Rudia kwa kila dawati, kisha andika kwenye ramani ya darasa.

Tuchukue mfano. Tuseme nje ni luksi 10,000. Dawati la dirishani lina 600, la katikati 200, na la pembeni kabisa 80. Ukikokotoa utapata asilimia 6, 2 na 0.8. Chini ya asilimia 2 chumba huonekana kina giza na taa huhitajika. Kati ya 2 na 5 ni pazuri. Zaidi ya 5 pana mwanga tele, ila joto na mng'ao huweza kusumbua.

Ebu fikiria, wenzangu! Wanafunzi wawili wana mwalimu mmoja na ubao mmoja, lakini wa dirishani ana mwanga mara saba na nusu ya wa pembeni. Kabla ya kumwita huyo wa pembeni mzembe kwa kuwa mwandiko wake umepinda, tupime dawati lake kwanza.

Asiye na kipimo asikate tamaa. Keti, teremsha macho hadi usawa wa dawati, utazame dirishani. Ukiona kipande cha mbingu, una bahati. Ukiona ukuta na matawi tu, umo upande wa giza. Chora mstari wa chaki sakafuni pale mbingu inapopotea machoni, nawe utajua ni wangapi wanaokaa ng'ambo ya pili.

Dawa iko wapi? Mwanga huingia kwa njia tatu: moja kwa moja kutoka mbinguni, kwa kudunda kwenye vitu vya nje, na kwa kudunda kwenye kuta na dari za ndani. Kwa hivyo tuoshe vioo, tupunguze matawi, na tupake kuta na dari rangi nyeupe. Sehemu ya juu ya dirisha ndiyo hupeleka mwanga mbali zaidi ndani, kwa hiyo tusiizibe kwa chati. Walimu wetu wapendwa, bati moja linalopitisha mwanga likiwekwa juu ya pembe yenye giza litasaidia wengi. Na kabla ya hayo yote, tubadilishane madawati kila juma. Hilo halina gharama hata senti moja.

Hadi hapo naweka kalamu chini. Siku ya mawingu ikifika, tukutane uwanjani na daftari mkononi!