Kabla Hujawasha Mashine: Karakana ya Kuchomelea na Magari Nyumbani

Wengi huanza na mashine. Mtu akipata vijisenti anakwenda Gerezani, Dar es Salaam, anarudi na inveta ya ampea 200, anaichomeka kwenye soketi ya sebuleni kwa ekstensheni iliyopitishwa dirishani. Muda si mrefu plagi inanuka plastiki. Plagi hiyo ni ya ampea 13. Kazi hiyo si yake. Fedha ya kwanza mpe fundi umeme mwenye leseni, akuvutie laini ya peke yake kutoka mein swichi, yenye breka yake na ethi inayofika kweli ardhini.

Mashine yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Kijiti cha milimita 2.5, kinachotosha geti na fremu, hutumia takriban ampea 60 hadi 90. Bodi ya gari ni habari nyingine: bati lake halifiki hata milimita moja, na kijiti hulitoboa. Hapo inatakiwa mashine ya waya na gesi.

Miwani ya jua si kinga, hata ikiwa nyeusi tititi. Tumia ngao ya uso yenye kioo namba 10 au 11. Macho yaliyopigwa na mwanga hayaumi papo hapo. Huuma usiku, kama yamejazwa mchanga. Watoto wa jirani nao wanapenda kutazama cheche, kwa hiyo zungushia turubai zito lisiloshika moto kirahisi.

Kwenye gari, jeki ni ya kunyanyua tu. Kabla hujaingia chini, weka stendi za chuma pande zote mbili. Tofali la saruji hupasuka bila kuaga. Ukitaka kuchomelea, fungua kwanza waya hasi wa betri, kisha bana klampu ya ethi karibu kabisa na unapochomelea, umeme usije ukapita kwenye beringi.

Tangi la mafuta tunalisema peke yake, maana ndilo huwadanganya hata mafundi wazoefu. "Halina kitu," mtu husema, akilitikisa sikioni. Lina mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka. Kulisuuza kwa maji na sabuni hakutoshi. Usilichomelee nyumbani, nunua jingine. Mvuke wa petroli pia ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama kwenye shimo la gereji ukisubiri cheche moja ya grenda.

Bomba la zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka. Kwangua zinki kwanza, fungua milango, na usiyategemee maziwa. Hayaondoi sumu hiyo, ingawa kila gereji utaambiwa unywe.

Kizimamoto cha unga mkavu kining'inie karibu na mlango, si nyuma ya mashine. Na ukizima mashine, usifunge mlango ukaenda kula. Kaa nusu saa ukiangalia chini ya meza na kwenye matambara: cheche iliyojificha huwaka wewe ukiwa umeshalala.