Nyumba za Mawe za Unguja

Likizo iliyopita sisi wanafunzi wa historia wa Kidato cha Nne tulizuru Mji Mkongwe wa Unguja kwa siku moja. Habari za masultani na karafuu zimo vitabuni, nami sitazirudia. Nataka kueleza jinsi nyumba za mji ule zilivyojengwa, na kwa nini nyingine huanguka. Sisi wa Shishiyu, ambao babu zetu walijenga kwa udongo, twaweza kuelewa jambo hilo upesi.

Tuliposhuka botini tulipita Forodhani, kisha tukaingia vichochoroni, ambamo wachuuzi, watalii, pikipiki na watoto wa chuo wote husongamana. Tulikaribishwa katika nyumba moja, nikaona kwamba vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Nilipima upana wa kimoja kwa hatua, nikapata nne tu. Sababu yake ni miti. Dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Nyingi zilitoka Rufiji, na majahazi yalizichukua hata Uarabuni. Kwa hiyo mkoko ndio uliopanga upana wa chumba, si mwenye nyumba. Vyumba vya kale vya Lamu navyo ni vivyo hivyo.

Kuta ni nene sana. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Mzee wa nyumba ile, baada ya kuitikia shikamoo zetu, alituambia, "Wajukuu zangu, adui wa nyumba hii ni maji." Paa likivuja, maji huingia ndani ya ukuta, huosha chokaa, tena huozesha vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani. Wengine hudhani dawa yake ni lipu ya saruji. Kumbe saruji hufungia unyevu ndani, na ukuta huonekana mzima huku ukioza. Lipu ya chokaa huruhusu unyevu utoke.

Kwetu mvua zikiisha watu hukandika kuta upya, wala hakuna anayeona ajabu. Katika Mji Mkongwe kazi ya namna hiyo ilikatika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi walihama, nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali, na jamaa kadhaa zikapanga katika nyumba moja. Paa likawa la wote, yaani halikuwa la mtu.

Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa na vyumba vipana kwa sababu mihimili yake ni ya chuma. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga, zikabomoa jumba la kifalme lililokuwa jirani yake, lakini Beit al-Ajaib ikasimama. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ilipokuwa ikitengenezwa, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafa. Mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa.

Milango ya nakshi nitaitaja kwa ufupi, maana kila mgeni huipiga picha: yenye njumu za shaba hufuata desturi ya Uhindi. Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, tulinyamaza kimya.

Mwisho tulifika kwenye Zahanati ya Kale, karibu na bandari. Tharia Topan, tajiri Mhindi, aliianzisha mwaka 1887, naye alifariki kabla haijamalizika mwaka 1894. Ilichakaa vibaya, kisha katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan likaitengeneza. Roshani zake za mbao zilizochongwa zimesimama tena. Tulikaa chini yake hadi saa ya boti ilipofika.