Kachumbari ya Kigiriki: Jinsi ya Kuandaa Tzatziki kwa Maziwa ya Nyumbani

Msimu wa mvua ndefu unapofika, malisho huwa tele, ng'ombe hutoa maziwa mengi na bei hushuka. Familia nyingi za wafugaji hubaki na maziwa ya jioni yasiyo na mnunuzi, na kufikia asubuhi huwa yameharibika. Kwa jamii zinazojua mursik na maziwa lala, kugandisha maziwa ili yasipotee si jambo geni. Ugiriki nako wafugaji wa kondoo, mbuzi na ng'ombe wamefanya hivyo kwa vizazi vingi, na katika maziwa hayo yaliyoganda wakapata kitoweo kiitwacho tzatziki.

Somo hili linaeleza hatua za kuandaa kitoweo hicho kuanzia maziwa yanapotoka zizini, pamoja na tahadhari zinazolinda afya ya walaji.

Tzatziki ni nini?

Tzatziki, linalotamkwa "dzadziki", ni mchanganyiko mzito na baridi wa yogati iliyochujwa, tango, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, chumvi na siki au ndimu. Jina lake linatokana na neno la Kituruki cacık, chakula cha aina hiyo hiyo ambacho Waturuki hukifanya chepesi zaidi. Wahindi nao wana raita, ambayo wakenya wengi wameionja pembeni ya sahani ya biriani.

Wagiriki huchovya mkate ndani yake au huiweka kando ya nyama ya kuchoma. Kazi yake mezani ni kama ya kachumbari kwenye nyama choma: ubaridi na uchachu wake hupunguza uzito wa mafuta.

Kinachoitofautisha yogati ya Kigiriki ni kuchujwa. Wagiriki huiita straggisto, yaani iliyochujwa. Jina hilo lina thamani kubwa sokoni. Mwaka 2014, Mahakama ya Rufaa nchini Uingereza iliamua kwamba yogati iliyotengenezwa Marekani isiuzwe huko kwa jina la yogati ya Kigiriki. Mnunuzi dukani hana budi kusoma kibandiko, kwa kuwa baadhi ya yogati nzito zimetiwa wanga badala ya kuchujwa.

Maziwa yachemshwe kwanza

Maziwa mabichi yanaweza kubeba viini vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Kugandisha peke yake si kinga ya kutegemewa, kwa hivyo maziwa ni lazima yachemshwe kabla ya kuwa yogati. Kuchemsha kuna faida ya pili: protini za maziwa hubadilika kwa joto na kuifanya yogati kushikana vizuri.

Tahadhari nyingine inahusu dawa. Ng'ombe anapotibiwa kwa viuavijasumu, kwa mfano akiwa na ugonjwa wa matiti, kuna idadi ya siku ambazo maziwa yake hayafai kunywewa wala kuuzwa. Siku hizo huelezwa na daktari wa mifugo na huandikwa kwenye maelezo ya dawa. Kuchemsha hakutegemewi kuondoa mabaki hayo. Mabaki hayo hayo huua bakteria wanaogandisha yogati. Hivyo mpishi aliyefuata kila hatua na maziwa yakakataa kuganda anapaswa kujiuliza, pamoja na maswali mengine, yule ng'ombe alidungwa sindano lini.

Kugandisha

Kwa lita 1 ya maziwa, mpishi anahitaji vijiko 2 vikubwa vya yogati isiyotiwa sukari wala ladha, ambayo kibandiko chake kinaonyesha kuwa ina bakteria hai. Hiyo ndiyo mbegu.

1. Maziwa huchemshwa kwenye sufuria safi huku yakikorogwa yasiungue, kisha moto hupunguzwa na kuachwa kwa dakika 5 hadi 10.

2. Sufuria huepuliwa na kufunikwa mpaka maziwa yawe vuguvugu, takriban nyuzi 43 hadi 45 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto hudondosha tone moja kwenye kifundo cha mkono: liwe na joto lisilochoma. Yakiwa moto sana, mbegu hufa. Yakiwa baridi, huchelewa kuganda.

3. Mbegu huchanganywa kwanza na maziwa kidogo kwenye kikombe, kisha humiminwa katika maziwa yote na kukorogwa taratibu.

4. Maziwa hutiwa kwenye hotipoti safi au chombo chenye kifuniko kilichofungwa ndani ya blanketi. Huachwa bila kutikiswa kwa saa 6 hadi 8.

Yogati ikishaganda hupelekwa kwenye friji. Kabla ya kuchuja, vijiko 2 huwekwa kando viwe mbegu ya safari inayofuata. Mbegu hiyo hupungua nguvu baada ya kurudiwa mara kadhaa, na hapo hununuliwa mpya.

Kuchuja

Kitambaa cheupe cha pamba, kilichochemshwa na kukamuliwa, hutandazwa juu ya kichungi kilichowekwa kwenye bakuli. Yogati humiminwa humo, hufunikwa na kuachwa kwenye friji kwa saa 3 au 4, au usiku kucha kwa anayetaka iwe nzito zaidi. Lita 1 hutoa takriban gramu 400 hadi 500 za yogati nzito.

Maji ya rangi ya kijani hafifu yanayobaki kwenye bakuli yasimwagwe. Yanafaa kukandia unga wa chapati au mkate, na wafugaji wa nguruwe huyatumia kama lishe.

Tango likamuliwe

Sehemu kubwa ya tango, takriban asilimia 95, ni maji. Hapa ndipo wengi hukosea: tango likitiwa lilivyo, baada ya saa moja tzatziki hugeuka uji.

Tango moja kubwa huoshwa kwa maji safi yanayotiririka, hukatwa katikati kwa urefu na mbegu zake kukwanguliwa kwa kijiko. Kisha hukwaruzwa kwa kifaa kile kile cha kukwaruzia karoti. Hunyunyiziwa nusu kijiko kidogo cha chumvi na kuachwa dakika 15, chumvi iyavute maji. Baada ya hapo hukamuliwa kwa mikono iliyooshwa au kwa kitambaa safi, mpaka lisidondoshe tena.

Kuchanganya

Kwa yogati iliyotoka kwenye lita 1 ya maziwa, mpishi hutumia punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa, vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya zeituni na kijiko 1 kikubwa cha siki au maji ya ndimu. Tango huingizwa mwisho. Chumvi huongezwa baada ya kuonja, kwa sababu tango tayari lina yake.

Wagiriki wengi huongeza majani ya shibiti au nanaa. Yasipopatikana, dania iliyokatwa ndogo inafaa, ingawa ladha itakuwa tofauti. Mafuta ya zeituni yakiwa ghali, mafuta ya alizeti hufaa kwa chakula cha nyumbani.

Tzatziki hufunikwa na kuachwa kwenye friji saa moja kabla ya kuliwa, ili ukali wa kitunguu saumu utulie. Huliwa na chapati, viazi vya kuchemsha, samaki wa kukaanga au nyama choma.

Kuhifadhi na kuuza

Kwenye friji, tzatziki iliwe ndani ya siku 3. Nyumba isiyo na friji iandae kiasi cha mlo mmoja tu, yogati ichujwe mahali penye baridi kwa saa chache, na kinachobaki kisilazwe.

Anayetaka kuifanya biashara asianze kwa kuuza mlangoni. Usindikaji na uuzaji wa bidhaa za maziwa unahitaji leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya na kibali cha biashara cha kaunti, na wanaoshughulikia chakula wanatakiwa kuwa na cheti cha kupimwa afya. Bidhaa iliyofungashwa inahitaji pia alama ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS).

Wakazi wanaotaka ushauri kuhusu usafi wa maziwa, matibabu ya mifugo au uongezaji thamani wanahimizwa kuwaona maafisa wa ugani na wa mifugo katika wadi zao. Kwa anayeanza, lita moja ya maziwa ya jioni inatosha kujifunzia.